Dawa moja, damu tofauti: Jinsi jeni za mgonjwa zinavyoamua hatima ya tiba

TEMBE zimetoka katika pakiti moja, ugonjwa ni ule ule na wagonjwa wana uzani sawa. Mmoja anapona na kurudi shambani baada ya siku tatu. Mwingine homa inamtoka, lakini siku chache baadaye mkojo wake unageuka rangi ya kahawa nyeusi, macho yanakuwa manjano na nguvu zinamwishia mwilini.

Jamaa zake huenda wakadhani kwamba malaria imerejea, au kwamba aliuziwa dawa ghushi. Wakati mwingine dhana hiyo huwa kweli, maana dawa ghushi si jambo geni humu nchini. Hata hivyo, ipo sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana katika zahanati zetu. Dawa ilikuwa halali na kipimo kilikuwa sahihi, ila damu ya mgonjwa haikuumbwa kuivumilia.

Kila binadamu hurithi jeni kutoka kwa wazazi wake, na jeni hizo ndizo huuelekeza mwili jinsi ya kutengeneza vimeng'enya vinavyovunjavunja chakula, sumu na dawa. Tofauti ndogo tu katika jeni moja yaweza kulifanya ini la mtu lisafishe dawa upesi kupita kiasi, au kwa uzito mno, au iache seli zake za damu bila kinga. Kwa sababu hiyo, kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ni kipimo cha mtu wa wastani, na mtu wa wastani hayupo popote.

Jambo hili lisichanganywe na usugu wa dawa. Kenya ilipoacha kutumia klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mnamo 1998, sababu ilikuwa mabadiliko katika jeni za vimelea, si za wagonjwa. Vimelea vilikuwa vimejifunza kuihepa dawa. Kinachozungumziwa hapa ni upande wa pili wa vita hivyo: mwili unaomeza dawa.

Hakuna kisa kinachoeleza suala hili kwa Wakenya vyema zaidi kuliko kile cha dawa ya Lapdap.

Baada ya klorokwini kushindwa, Kenya iligeukia dawa za jamii ya Fansidar, lakini hizo nazo zikaanza kulemewa na usugu kabla ya miaka mingi kupita. Wanasayansi, wakiwemo waliofanyia kazi zao Kilifi, walikuwa wakichunguza mchanganyiko wa dawa mbili za zamani, kloroproguanili na dapsoni. Mchanganyiko huo ulikuwa wa bei nafuu, ulimezwa kwa siku tatu tu, na haukukaa mwilini kwa muda mrefu, hivyo haukuwapa vimelea nafasi kubwa ya kujenga usugu.

Kampuni ya GlaxoSmithKline ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Liverpool, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Uingereza kuutengeneza mchanganyiko huo. Uliidhinishwa Uingereza mnamo 2003 kwa jina la Lapdap, na ukaanza kuuzwa katika mataifa kadhaa ya Afrika. Ilikuwa nadra wakati huo, na hata leo ni nadra, kwa dawa kubuniwa mahsusi kwa ajili ya mtoto wa Kiafrika anayeugua malaria. Matumaini yalikuwa makubwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiongezea dawa ya tatu, atesuneti, ili iwe na nguvu zaidi. Majaribio makubwa yalifanyiwa watoto katika mataifa kadhaa, zikiwemo Kenya na Tanzania. Malaria iliondoka jinsi ilivyotarajiwa. Lakini wachunguzi walipopima damu ya watoto hao siku chache baada ya matibabu, waligundua kwamba kundi moja lilikuwa limepungukiwa na damu kwa kiasi cha kutisha. Baadhi yao walihitaji kuongezewa damu.

Watoto hao walikuwa na jambo moja la kurithi kwa pamoja, nalo ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Mnamo Februari 2008, utengenezaji wa mchanganyiko mpya ulisitishwa na Lapdap yenyewe ikaondolewa sokoni. Dawa iliyobuniwa kwa ajili ya Waafrika iliangushwa na hali ya kurithi iliyo ya kawaida miongoni mwa Waafrika.

La kusikitisha ni kwamba hatari hiyo haikuwa fumbo. Dapsoni ilikuwa ikitumika kutibu ukoma tangu miaka ya 1940, na madhara yake kwa watu wenye upungufu huo yalijulikana. Kilichokosewa ni hesabu. Katika mpango wa ukoma, wagonjwa huwa wachache na daktari huwafuatilia kwa miezi mingi. Katika malaria, dawa hutolewa kwa mamilioni ya watoto, mara nyingi dukani, na mtoto ambaye damu yake inapungua siku ya sita au ya saba tayari yuko nyumbani. Mamake ameambiwa kwamba amepona.

Ili kuelewa madhara hayo, ni vyema kujua kazi ya kimeng'enya chenyewe. Seli nyekundu za damu hubeba oksijeni, na hewa hiyo hiyo inayotupa uhai huweza kuziharibu seli hizo, mfano wa chuma kinavyoshika kutu. G6PD huziwezesha seli kutengeneza kinga dhidi ya kutu hiyo. Mtu aliyepungukiwa nacho huishi maisha ya kawaida bila kujua lolote, na wengi hufa wazee bila kujua. Taabu huanza anapomeza dawa inayoongeza kutu kwa ghafla. Seli zake, hasa zile kongwe, hupasuka, na mabaki yake ndiyo huupa mkojo rangi nyeusi na macho rangi ya manjano.

Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 400 duniani wana upungufu huu. Umeenea zaidi katika maeneo ambayo malaria imekuwepo kwa karne nyingi: Afrika, nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, Mashariki ya Kati na Asia Kusini. Huo si mkasa wa bahati mbaya. Ni alama ya vita vya kale kati ya binadamu na mbu.

Wakenya wana nafasi ya pekee katika historia ya ugunduzi huo. Mnamo 1949, Tony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na kusomea Chuo Kikuu cha Oxford, alikusanya damu kutoka jamii mbalimbali za nchi hii. Alitambua kwamba jeni ya ugonjwa wa selimundu ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na haba katika nyanda za juu zenye baridi. Hiyo ndiyo ramani ya malaria. Mnamo 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja pekee hupata kinga dhidi ya malaria. Miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa waliochunguza, katika nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo, iwapo upungufu wa G6PD nao huwalinda watoto.

Swali hilo limeendelea kufanyiwa utafiti Kilifi hadi karne hii. Matokeo yaliyochapishwa mnamo 2015 yalionyesha kwamba watoto wa kike waliorithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja walikuwa na kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa maneno mengine, jeni iliyomlinda bibi dhidi ya mbu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumdhuru mjukuu mbele ya tembe.

Urithi wenyewe una mkondo wake. Jeni ya G6PD imo katika kromosomu iitwayo X. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mamake, hivyo akirithi iliyo na kasoro hana ya kumwokoa. Msichana ana mbili, na mara nyingi moja huifidia nyingine kwa kiasi fulani. Ndiyo maana wanaodhurika zaidi huwa wavulana, na ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja waweza kumeza dawa moja wakapata matokeo tofauti kabisa.

Namna kasoro hiyo ilivyogunduliwa ni hadithi yenye doa. Wakati wa vita vya Korea mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanajeshi wa Marekani walirudi kwao wakiwa na malaria ya aina ya vivaksi, ambayo vimelea vyake hujificha kwenye ini na kuzuka tena baada ya wiki au miezi. Dawa ya kuvitoa mafichoni ilikuwa primakwini. Iliwasaidia wengi, lakini baadhi ya wanajeshi weusi walipungukiwa na damu ghafla.

Majibu yalitafutwa katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois, ambako madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa wakiwaambukiza wafungwa malaria na kuwajaribia dawa tangu wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Watafiti walichukua seli za damu za wafungwa waliodhurika, wakazitia alama na kuwawekea watu wasiodhurika. Seli hizo ziliharibika vivyo hivyo ndani ya miili ya wenyeji wapya, ishara kwamba kasoro ilikuwa ndani ya seli yenyewe. Mnamo 1956, Paul Carson na wenzake walikitaja kimeng'enya kilichopungua. Wafungwa hao walihesabiwa kuwa walijitolea, ingawa ni vigumu kusema mtu aliyefungwa anajitolea kwa kiasi gani.

Primakwini ingali inatumika hadi leo. Nchini Kenya haitumiki sana kwa sababu malaria ya vivaksi ni haba hapa, na hilo nalo ni suala la jeni. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hawana, juu ya seli zao nyekundu, alama iitwayo Duffy ambayo kimelea cha vivaksi huitumia kama mlango. Ukivuka mpaka kuingia Ethiopia, vivaksi ni tatizo kubwa, na swali la G6PD huwa la kila siku.

Tangu 2012, Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzani, katika maeneo yanayokaribia kutokomeza malaria. Lengo lake ni kumzuia mbu asibebe vimelea kutoka kwa mgonjwa anayetibiwa. Dozi hiyo ni ndogo kiasi kwamba haihitaji kipimo cha G6PD. Kwa upande mwingine, tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mnamo 2018 na inayomezwa mara moja tu, hukaa mwilini kwa muda mrefu na haiwezi kuondolewa ikishamezwa. Kwa hivyo haipaswi kupewa mtu kabla ya kupimwa na kuthibitishwa kwamba kimeng'enya chake kinafanya kazi kwa zaidi ya asilimia 70 ya kiwango cha kawaida.

Msomaji asitishike bure. Dawa ya AL, ambayo Kenya iliichagua mnamo 2004 na kuanza kuisambaza 2006, haimo miongoni mwa dawa zinazozuiwa kwa watu wenye upungufu huu. Lakini dapsoni haijatoweka. Bado hutolewa kwa wagonjwa wa ukoma, na kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao miili yao haikubali Septrin. Mgonjwa anayeanzishiwa dapsoni ana haki ya kuuliza iwapo damu yake imepimwa.

Katika kifua kikuu, tofauti za jeni hujitokeza kwa namna nyingine. Isoniazidi, iliyoanza kutumika mnamo 1952, huondolewa mwilini na kimeng'enya cha ini ambacho watu wengine wanacho chenye kasi na wengine chenye uvivu. Mtu wa kimeng'enya kivivu hubaki na dawa nyingi mwilini kwa muda mrefu. Hushikwa na ganzi na hisia ya kuchomwachomwa miguuni, na uwezekano wa ini lake kudhurika huwa mkubwa zaidi. Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya na katika jamii nyingi za Afrika, karibu nusu ya watu wamo katika kundi hili. Japani, ni takriban mmoja kati ya kumi.

Tiba ya ganzi hiyo ni ya kushangaza kwa urahisi wake: tembe ya vitamini B6, ambayo hutolewa pamoja na isoniazidi. Wagonjwa wengi huidharau wakidhani ni ya kuongeza hamu ya chakula, na wengine huiacha. Kumbe ndiyo inayozilinda neva zao dhidi ya urithi wasioujua.

Wenye kimeng'enya cha kasi nao wana shida yao. Majaribio yaliyofanywa Madras, India, katika miaka ya 1960 yalionyesha kwamba isoniazidi ikitolewa mara moja kwa wiki, watu hao walipona kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, kwani dawa iliwatoka upesi. Dawa ikimezwa kila siku, tofauti hiyo karibu inatoweka. Hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wahudumu wa afya wasisitize kwamba mgonjwa asiruke hata siku moja.

Hata hivyo, ni katika matibabu ya Ukimwi ambapo Waafrika wengi wameonja suala hili bila kulijua jina. Kwa miaka mingi, efavirenzi ilikuwa nguzo ya tiba. Kipimo cha miligramu 600 kwa siku kilikuwa cha watu wazima wote. Wengi waliimeza bila tatizo. Wengine walipata kizunguzungu, ndoto za kutisha, huzuni nzito, na baadhi yao wakasikia sauti zisizokuwepo. Mwanakijiji anayepiga mayowe usiku huenda akasemekana amerogwa, na hakuna anayeitazama tembe aliyoimeza kabla ya kulala.

Efavirenzi huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2B6. Aliyerithi jeni dhaifu ya kimeng'enya hicho kutoka kwa wazazi wote wawili hukusanya dawa katika damu kupita kiwango salama. Miongoni mwa Wazungu, watu wa namna hiyo ni wachache. Nchini Zimbabwe ni karibu mtu mmoja kati ya watano.

Aliyeligundua hilo Zimbabwe ni Profesa Collen Masimirembwa na wenzake katika taasisi ya utafiti jijini Harare. Walikuwa wamechapisha matokeo yao miaka kadhaa kabla serikali ya nchi hiyo kuifanya efavirenzi kuwa dawa ya wote mnamo 2015. Kipimo kilichochaguliwa kilikuwa kile kile cha miligramu 600, na malalamiko yakafuata. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mnamo 2014 ulikuwa tayari umeonyesha kwamba miligramu 400 zinavidhibiti virusi sawasawa na 600. Inakuwa vigumu kuelewa ni kwa nini bara lenye wagonjwa wengi zaidi lilichelewa kunufaika na habari hiyo.

Mwishowe, suluhisho halikutoka kwenye kipimo cha jeni bali kwenye dawa nyingine. Kenya ilianza kutumia dolutegraviri mnamo 2017, na mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kuwa chaguo la kwanza. Jambo kama hilo lilitokea pia katika homa ya ini ya aina C. Mnamo 2009 iligunduliwa kwamba jeni moja inaeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini tiba ya intaferoni iliwaponya Wamarekani weupe kuliko weusi. Miaka michache baadaye zikaja tembe mpya zinazowaponya karibu wote, na jeni hiyo ikasahaulika.

Lakini si kila mara dawa bora hupatikana. Abakaviri, dawa nyingine ya virusi vya Ukimwi, bado ni muhimu sana, hasa kwa watoto. Wagonjwa wachache wakiimeza, kinga yao ya mwili huasi. Katika wiki sita za kwanza hupata homa, vipele, kutapika, kuumwa na tumbo, na wakati mwingine kikohozi na kuhema. Dawa ikisimamishwa, hali hutulia. Ikirudishwa, hata kwa tembe moja, dalili hurejea kwa ukali ndani ya saa chache na zaweza kuua.

Mnamo 2002, watafiti wa jiji la Perth, Australia, waligundua kwamba wanaopatwa na mkasa huo hubeba alama ya kurithi iitwayo HLA-B*57:01. Alama za jamii hii hukaa juu ya seli kama kitambulisho, na askari wa kinga huzikagua ili kujua mwenyeji na mgeni. Abakaviri hujipenyeza ndani ya alama hiyo mahsusi na kuibadilisha sura, hivyo askari wakawaona wenyeji kama maadui. Mnamo 2008, utafiti uliohusisha karibu wagonjwa 2,000 kutoka mataifa 19 ulithibitisha kwamba kuwapima watu kwanza na kuwanyima dawa wenye alama hiyo kunauzuia uasi wa kweli wa kinga kabisa.

Vitabu vingi viliandika kwamba alama hiyo ni ya Wazungu na kwamba Waafrika hawana haja ya kuihofia. Hapo ndipo Kenya inapoingia tena. Katika mradi wa kimataifa wa kuchora ramani ya jeni za binadamu, sampuli zilikusanywa kutoka kwa Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa, pamoja na Wayoruba wa Nigeria. Mnamo 2010, wanasayansi Charles Rotimi na Lynn Jorde walionyesha katika jarida la tiba la New England kwamba alama hiyo haikupatikana miongoni mwa Wayoruba, ilikuwa asilimia 3.3 kwa Waluhya, na asilimia 13.6 kwa Wamaasai.

Takwimu hizo zafaa kusomwa mara mbili. Kiwango cha Wamaasai kinakipita kile cha Ulaya, ambacho huwa kati ya asilimia tano na nane. Tofauti kati ya jamii mbili za nchi moja, ambazo watu wao hukutana katika soko moja na kuoana, ni kubwa kuliko ile iliyodhaniwa kuwepo kati ya mabara. Daktari ng'ambo anayeandika "Mwafrika" kwenye faili ya mgonjwa hajaandika lolote linaloweza kumsaidia kuchagua dawa. Wala kabila si kipimo: Wamaasai wengi hawana alama hiyo, na wapo Waluhya walio nayo. Kinachosema kweli ni damu ya mgonjwa mwenyewe.

Tatizo ni kwamba kipimo hicho huhitaji maabara yenye vifaa ambavyo zahanati za mashinani hazina. Katika mataifa mengi yenye mapato ya chini, abakaviri huanzishwa bila kipimo, na usalama wa mtoto hutegemea macho ya mhudumu na ya mzazi. Hapo pana mtego. Homa, kutapika na kikohozi ni dalili za nusu ya magonjwa yote ya watoto wetu. Mzazi huenda akasimamisha dawa akidhani mtoto ana malaria, kisha akaianzisha tena homa ikishatulia. Kosa la kuirudisha ndilo hatari kuliko yote.

Hali si ya kukatisha tamaa katika kila kipimo. Kile cha G6PD kinaweza kufanywa kwa tone la damu ya kidole na majibu yakapatikana katika muda wa dakika chache, ingawa vifaa vya bei ya chini huweza kuwapita wanawake ambao kimeng'enya chao kiko katikati. Uingereza, hospitali jijini Manchester zilijaribu kifaa kinachotoa majibu kwa dakika 26 kuhusu iwapo mtoto mchanga amerithi jeni inayoweza kumfanya kiziwi akidungwa jentamisini, sindano inayotumika pia kila siku katika wodi za watoto wachanga hapa Kenya. Jeni hiyo ni adimu na hurithiwa kwa mama pekee.

Mahali ambapo vifaa hivyo havijafika, maswali hufanya sehemu ya kazi. Mtu ambaye kakake au mjombake upande wa mama aliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa anafaa kumwambia daktari kabla ya kupewa dapsoni au primakwini. Mama mjamzito ambaye kwao kuna watu walioziwika baada ya kudungwa sindano za kifua kikuu anafaa kulisema hilo kliniki kabla ya kujifungua. Anayemeza isoniazidi na kuhisi ganzi nyayoni asingoje hadi miezi yake sita iishe.

Ni muhimu pia kwamba mgonjwa asiache dawa za Ukimwi au kifua kikuu kwa uamuzi wake mwenyewe kwa kuwa amesoma kuhusu madhara, kwani virusi na bakteria hazingoji. Arudi kituoni siku hiyo hiyo. Na mtoto aliyewahi kuonyesha dalili za kuasiwa na kinga baada ya kupewa abakaviri, jina la dawa hiyo liandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la kijitabu chake cha kliniki, ili mhudumu mpya katika kituo kingine asimrudishie.